Uzi: Mgeni wa Moshi analala kwako mara mbili, na anayeandika maoni ni yule wa pili

BintiRau (mleta mada)

Wakubwa shikamoni, wengine mambo zenu.

Wiki hii nimeona nyuzi tatu za watu wanaotaka kujenga loji Moshi. Mmoja anauliza vigae vya rangi gani, wa pili televisheni inchi ngapi, wa tatu achimbe bwawa la kuogelea au aache. Hakuna hata mmoja aliyeuliza maji ya moto yatatosha watu wangapi wakioga kwa mpigo. Nimesoma nikacheka, halafu nikakumbuka kwamba na mimi nilianza hivyohivyo, na nina mapazia ya dhahabu stoo kama ushahidi.

Nina vyumba vinane huku Rau, nyumba ya marehemu baba. Tulianza 2016 na vyumba vitatu. Sikusomea hoteli, nilikuwa nauza kwenye duka la dawa. Haya ninayoandika nimeyapata kwa kusoma maoni ya wageni usiku nikiwa na hasira.

Niseme kwanza linalouma: wageni wangu wengi hawakunichagua. Mtu anayekuja kupanda Kilimanjaro anachagua kampuni ya mlima. Anakaa kwao miezi kadhaa akilinganisha njia, Machame au Lemosho au Marangu, siku sita au nane, bei, na siku hizi wengi wanauliza kama wapagazi wanalipwa inavyostahili. Chumba cha Moshi kimo ndani ya bei hiyohiyo, usiku mmoja kabla ya mlima na mmoja baada. Jina la loji analikuta kwenye karatasi ya ratiba, labda hata halisomi. Kwa hiyo aliyenichagua ni kijana wa ofisini kwenye kampuni, na huyo anataka kujua bei yangu, kama nitapokea simu saa saba usiku ndege ikichelewa KIA, na kama mwezi uliopita kuna mgeni wake aliyelalamika. Mapazia hajawahi kuniuliza.

Wanaojichagulia wenyewe ni wachache kwangu: mavolontia, wanaokuja hospitali ya KCMC kwa masomo, wanaotembea na begi mgongoni. Hao wanapitia Booking, Airbnb, au ramani ya Google. Siku moja nilimwomba dada mmoja wa Kiholanzi anionyeshe kwenye simu yake jinsi alivyonipata. Aisee, ile ilikuwa shule. Aliweka tarehe. Akaweka kikomo cha bei. Akawaondoa wote wenye alama chini ya 8 kati ya 10. Hapo nusu ya Moshi ikapotea. Waliobaki akafungua picha, na sebule hakuitazama, alikwenda moja kwa moja bafuni. Akakuza picha, akaangalia kona za chini, pale vigae vinapokutana na sakafu. Halafu maoni: aliyapanga kuanzia mapya, akasoma mabaya tu. "Mazuri yote yanafanana," akaniambia. Mwisho akafungua ramani aone kama anaweza kutembea hadi mjini. Dakika nne hazikufika. Mimi nilikuwa nimeweka picha kumi na moja za sebule na moja ya bafu, iliyopigwa taa imezimwa.

Na kumbuka kwamba mtu huyo anaweza kushika vyumba sehemu tatu, kwa kuwa kufuta ni bure, akaamua siku mbili kabla. Huku Booking inachukua kamisheni yake, kwangu ni asilimia 15. Hiyo ni mada nyingine, nikianza leo silali.

Sasa kiini cha uzi wangu. Mgeni wa mlima analala kwako mara mbili, na si mtu yuleyule.

Wa kwanza anashuka KIA usiku, ana wasiwasi. Amenunua buti za bei mbaya, hajui kama ataweza. Huyu anataka kitanda, kimya, chandarua kisicho na tundu, na mtu wa kumwambia kwamba gari la saa mbili asubuhi litakuja kweli. Usiku huo anafungua mabegi na kuyafunga upya, maana mzigo wa mpagazi una mwisho, kilo 20, na kampuni nyingi humpa mgeni 15 tu ili zibaki za vitu vya mpagazi mwenyewe. Mimi nilinunua mizani ya kuning'iniza pale sokoni Mbuyuni, ile ya kupimia nyama, nikaifunga kwenye boriti ya baraza. Mpaka leo sijanunua kitu cha faida kuliko ile mizani. Wanapima mabegi, wanapimana wao, wanapiga picha, wanacheka, wasiwasi unapungua. Kitanda cha mninga nilichokikopea hakijawahi kupigwa picha.

Wa pili anarudi baada ya siku sita au saba. Hajaoga. Vumbi lina tabaka. Jana yake aliamshwa usiku wa manane kule kambi ya Barafu, akapanda gizani mpaka kileleni, akashuka mpaka kambi ya Mweka siku hiyohiyo, magoti yamekwisha. Huyu anafika getini saa nane au tisa mchana, na anataka maji ya moto, begi lake aliloacha stoo likiwa zima na kavu, nguo zifuliwe zikauke kabla ya kesho, na kitu cha baridi mkononi. Halafu ndiye anayekaa uwanja wa ndege na simu, akitoa alama. Yule wa kwanza aliyefurahia mizani hayupo tena.

Niwape kisa. Julai moja walirudi wanane kwa mpigo, gari moja. Nina tangi la sola la lita 300. Nane wakaingia bafuni wakati mmoja. Baada ya watatu au wanne hivi, maji yakawa ya baridi, na maji ya Moshi mnayajua, yanashuka mlimani. Nikiwa jikoni nikasikia mlango. Mama mmoja wa makamo amesimama koridoni na taulo, povu kichwani, hasemi kitu. Ananitazama tu. Huyu, nilijua baadaye, alikuwa amerudishwa njiani usiku wa kilele, wenzake wote wakafika.

Kulikuwa na sufuria ya mtori jikoni. Niliitua, nikabandika maji, nikawasha na jiko la mkaa la pili, nikampelekea ndoo na kopo. Hajui kuoga kwa kopo! Nikamwonyesha hewani jinsi ya kuchota na kumwaga, sote wawili tukaangua kicheko. Akaoga ndoo mbili. Baadaye akala mtori bakuli mbili pia.

Alinipa 9, akaandika habari ya ndoo. Kijana aliyeoga wa kwanza, maji yakiwa ya moto kabisa, alinipa 6 kwa sababu ya muziki wa baa ya jirani.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Mwaka uliofuata nilipopata hela ya kuweka televisheni mpya niliweka tangi la pili.

Kingine kidogo halafu niwaachie. Kahawa. Mji huu umekuzwa na kahawa, chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa 1933, mgeni ametoka kutembea kijiji cha Materuni akaonyeshwa kutwanga na kukaanga, halafu asubuhi mezani anakuta kopo la kahawa ya unga na thermosi. Nilikuwa nafanya hivyo. Sasa nakaanga mwenyewe kila Jumatatu, gharama ni ndogo, na katika maoni kumi sita yanataja kahawa. Kwa nini hatukuanza hivyo tangu mwanzo sijui. Nadhani tuliona cha dukani ndicho cha heshima.

Karibuni, pingeni.

KambaYaButi

Dada BintiRau, hapo kwenye mgeni wa pili umenena. Mimi napandisha wageni mwaka wa 14 huu. Ukitoka kambi ya Mweka kuelekea getini, ni msitu na tope, saa tatu nne hivi, na mada ni moja tu: shawa. Kilele hawakitaji tena. Nimewahi kusikia watu wazima, mmoja daktari, wanabishana nani ataoga kwanza.

Niongeze mambo mawili ambayo wenye loji hawayaoni.

La kwanza ni hilo la aliyerudishwa njiani. Chumba kilekile, chai ileile, aliyefika kilele anaona kila kitu kizuri, aliyeishia mita 4,700 anaona hata foronya imekaa vibaya. Hasira si ya kwako lakini risiti unapokea wewe. Huwa napiga simu lojini tukiwa bado njiani: chumba namba fulani, huyo hakufika, msimpigie vigelegele getini. Kuna loji moja sitaitaja, wanawapokea wageni kwa ngoma na kuimba Jambo Bwana, wote, bila kuuliza. Mgeni wangu alilia pale getini na hayakuwa machozi ya furaha.

La pili, wagumu, yaani wapagazi. Tukishuka, wagumu wanaleta mabegi mpaka ndani. Wana vumbi kama mgeni alivyo na vumbi. Kuna mahali mlinzi aliwaambia wakakae nje ya geti, kwenye mawe, wakati mgeni anaandaliwa juisi barazani. Mgeni ametembea na watu hawa siku saba, wamembebea hema, wamempikia, mmoja alimshika mkono usiku. Alichukua juisi yake akaenda kukaa nao kwenye mawe. Mwenye loji alikuja kuniuliza amekosea wapi, chumba kilikuwa na kiyoyozi.

BintiRau

KambaYaButi, hilo la ngoma limenichoma maana nasi tulikuwa tunapiga makofi. Kuanzia kesho tunauliza kwanza. Kwa wagumu, kwangu kuna benchi barazani na chai, hilo marehemu baba alilianza, yeye mwenyewe alibeba mizigo Marangu ujana wake.

NjiroKwaMangi

Mnaandika vizuri ila mmeegemea mlima. Njooni Arusha. Mgeni wa safari analala hapa usiku mmoja, mara nyingi anafika giza limeingia na anaondoka asubuhi kwenda Tarangire au Ngorongoro. Hana muda wa kupima nyama kwenye mizani yako. Kwa huyu ni kitanda na bei, basi. Na kampuni ikipata loji ya dola tano pungufu inahama, hayo ya ndoo na mtori hayaingii kwenye hesabu.

Malalamiko yangu makubwa mtashangaa: BARIDI. Juni na Julai Arusha tuko mita 1,400 kwenda juu, usiku unavaa sweta. Mzungu amekuja Afrika na kaptula. Hakutegemea. Nilipata maoni matatu mabaya mfululizo mpaka nikanunua mablanketi mazito na chupa za maji moto za mpira za kuweka kitandani. Kwa hiyo nakubaliana nawe kidogo, lakini kidogo tu.

BintiRau

Mangi, umekuja kunipinga halafu umenisaidia. Chupa ya mpira ni dola ngapi, na kampuni ngapi zimekuhama tangu uweke?

NjiroKwaMangi

Haijanihama hata moja. Lakini bei sijapandisha pia, usinichokonoe.

MsomiWaZamani

Nilisomea mambo haya, naomba kuchangia bila kuwachosha. Alichosema Mangi, "hakutegemea", ndicho kitovu chake. Kuna Mmarekani anaitwa Richard Oliver, mwaka 1980 aliandika kwamba mteja haridhiki kwa ubora peke yake, anaridhika kwa kulinganisha alichokuta na alichotegemea. Mtu wa hema akipewa ndoo ya maji moto anafurahi. Mtu aliyeahidiwa "shawa ya moto saa 24" akipewa ndoo ileile anakasirika, hata kama maji ni yaleyale. Yule kijana wa 6 aliona popote kwamba kuna baa jirani?

Na hilo la mgeni wa pili lina jina pia. Daniel Kahneman na wenzake, mwaka 1993, waliwaambia watu watumbukize mkono kwenye maji ya baridi sana mara mbili. Mara moja sekunde 60. Mara nyingine sekunde 60 zilezile, kisha 30 za nyongeza, maji yakipashwa kidogo tu. Walipoulizwa warudie ipi, wengi walichagua ile ndefu, yenye mateso zaidi, kwa sababu iliisha vizuri kidogo. Kumbukumbu inashika pale maumivu au raha ilipozidi, na mwisho. Loji ya Moshi ndiyo mwisho wa mlima, kwa hiyo mna bahati na mna balaa.

Ila nikuonye dada: usijenge biashara juu ya kisa cha ndoo. Kosa likirekebishwa kwa moyo mgeni anaweza kukupenda kuliko asiyekosewa, hiyo ipo, lakini haitokei kila mara, na kosa likijirudia kwa mtu yuleyule huruma inaisha. Tangi la pili lilikuwa uamuzi sahihi kuliko ndoo.

BintiRau

Asante sana. Hapana, habari ya baa sikuandika popote. Nilikuwa nasali wasigundue.

Nimeandika sasa, ni miezi kama mitano. Kwenye maelezo nimesema Ijumaa na Jumamosi kuna muziki wa jirani mpaka usiku, vyumba vya nyuma ni kimya, na vipo vizibo vya masikio mapokezi. Mume wangu alisema nimefukuza wateja. Oda za wikendi zilipungua kidogo kweli, sitadanganya. Lakini muziki haujatajwa tena kwenye maoni hata mara moja, na mwezi uliopita vijana wanne waliomba vyumba vya MBELE.

MtaliiMweusi

Nimesoma mpaka hapa, naona mzungu, mzungu, mzungu. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi Dodoma, kila mwaka nachukua likizo natalii kwa hela yangu. Mwaka jana nimefika loji moja Moshi, nimeshuka na mke wangu na watoto wawili, nina oda kwenye simu. Dada wa mapokezi akaniuliza: "Umekuja kuonana na nani?"

Nikamwambia nimekuja kulala.

Akapiga simu kwa bosi mbele yangu kuuliza kama kweli. Nyuma yangu akaingia mzungu peku, hana hata oda, akapewa juisi. Chumba kilikuwa kizuri, naapa, maji ya moto yapo, kahawa sijui ya kukaanga ipo. Nitatoa alama ngapi hapo? Huyo msomi atwambie kipimo chake kinasemaje.

Na asubuhi: nanasi, tikiti, mkate na yai. Watoto wanauliza chapati iko wapi. Supu iko wapi? Televisheni mnayoidharau hapa, siku ile Simba na Yanga walikuwa wanacheza, nikaenda kuangalia nje kwenye kibanda. Bei kwenye kibao ilikuwa ya dola, nikapigiwa hesabu kwa kikokotoo.

BintiRau

Kaka, pole. Sitajitetea kwa niaba ya wenzangu, maana na kwangu imewahi kutokea, si hilo la simu lakini hilo la juisi. Vijana wa mapokezi tunawafundisha Kiingereza miezi mitatu, hatuwafundishi kusema "karibuni, poleni na safari" kwa mtu anayefanana nao. Wanaona Mtanzania mwenye begi wanadhani ni dereva au ndugu wa mpishi.

Na ni ujinga hata kwa hesabu. Machi mpaka Mei mvua zinanyesha, wapandaji wanapungua mno, loji zimelala, nani anakuja? Watu wa semina, harusi, vipaimara, wazazi wanaopeleka watoto shule. Wikendi ya Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mji mzima haupati chumba, na wanaojaza ni watu wa Dar na Nairobi. Tangu 2003 tunaona hivyo halafu bado tunauliza umekuja kuonana na nani.

Kuhusu televisheni umenishinda. Nilisema kwa wapanda mlima haina kazi, na kweli kwao haina. Kwa baba mwenye watoto wawili siku ya mechi ni jambo jingine kabisa. Nitaweka moja sebuleni, kubwa. Chapati zipo kwangu, supu Jumapili.

KambaYaButi

MtaliiMweusi, umesema kweli. Hata mlimani iko hivyo, nikipandisha Mtanzania, wenzangu wananiuliza huyo amelipiwa na nani.

NataKujenga_Himo

Mimi ndiye wa vigae, mnanisema tangu mwanzo. Sasa niambieni kwa kifupi: nina hela ya mwisho, nichague bwawa au tangi la sola na inveta?

NjiroKwaMangi

Tangi na inveta. Umeme ukikatika usiku mgeni hataogelea gizani.

BintiRau

Tangi. Piga hesabu ya watu wanaorudi kwa mpigo, si ya vyumba. Chumba kimoja wanarudi wawili, na mmoja wao ana nywele ndefu. Vigae vya bafuni nunua visivyoteleza, mtu aliyetoka mlimani magoti hayana breki, na anashika ukuta akiingia. Mwekee na kishikio hapo. Kishikio kile nilikiweka kwa ajili ya mama yangu, na wageni wamekitaja mara nyingi kuliko bustani.

MtaliiMweusi

BintiRau, basi nitakuja kwako. Desemba una nafasi? Nataka kuanzia tarehe 22, familia, vyumba viwili.

BintiRau

Kaka yangu, tarehe 22 Desemba? Wachaga wote wanarudi nyumbani kwa Krismasi, kuhesabiwa kama tunavyotaniwa. Vyumba vyangu vyote vinane vina mashangazi, na hakuna hata mmoja anayelipa. Njoo tarehe 3 Januari, nitakuwa nimeshafua mashuka.